Mlango Usiobamizwa

Mimi nimepika shuleni miaka yote ya utu uzima wangu. Nimeshakuta mende ndani ya gunia la unga, nimeshakuta panya amezama kwenye pipa la mafuta, kwa hiyo sishikwi na kinyaa ovyo. Lakini siku ile uwanjani, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, kilinishika asubuhi na kikakaa nami mpaka jioni. Hata sasa nikikumbuka, natema mate.

Gari tulilokwenda nalo lilikuwa la dada yangu, na dada yangu alikuwa dereva wa gari la maiti. Nasema hivyo mapema ili usije ukashtuka baadaye. Alianza akiwa msichana bado, anashona vitambaa vya ndani ya majeneza kwenye kampuni ya mazishi. Siku moja dereva akaja amelewa hata funguo hazioni, na familia ya watu iko nje inangoja. Dada alikuwa na leseni kwa sababu baba yetu alikuwa na lori la mchanga na hakuzaa mtoto wa kiume. Wakamwambia, shika usukani leo tu. Hiyo leo tu ndiyo iliyomfikisha kwenye mvi.

Wenzake walimwita Taratibu. Ndilo neno alilokuwa akiwaambia wanaobeba: taratibu hapo kwenye ngazi, taratibu kwenye kona, jamani taratibu. Mtaani nako alikuwa na majina mengine ambayo siyasemi. Muuza nyanya wetu alimtaka aweke hela mezani, asimpe mkononi. Shemeji yangu, yaani mumewe, alivumilia kidogo, halafu akaanza kumwambia aoge uani kabla ya kuingia ndani, na mwisho akahamia kwa mwanamke anayeuza manukato. Nikamwambia dada, mwache aende, na huko aliko angalau atanukia. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Watu hawajui, yeye ni mtu wa kucheka kuliko mimi.

Kazini alikuwa na mambo yake. Waya wa honi aliukata mwenyewe, kwa sababu hakuona nani wa kumpigia honi akiwa na mzigo ule. Ndani ya gari hakula hata karanga. Ila kubwa kuliko yote lilikuwa mlango wa nyuma. Ni mlango mzito, wa chuma cha enzi zile, ukiuachia unabamiza mpaka vioo vinatetemeka. Yeye hakuwahi kuuachia. Aliushika kwa mikono miwili, akausindikiza mpaka mwisho, kisha akauegemea kwa nyonga mpaka kitasa kikamate, basi. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo.

"Waliofiwa wanajikaza," akaniambia. "Wanajikaza mochari, wanajikaza jeneza likipita. Mlango ukibamizwa ndipo wanapoanguka."

Alipostaafu, kampuni ilikuwa imenunua magari meupe yenye taa za rangi na spika juu. Lile lake la zamani, refu jeusi, wakampa aondoke nalo, namna watu wanavyogawa paka mzee. Akalitunza kwenye banda la jirani, akalipaka rangi upya, kila Jumapili kitambaa mkononi. Sasa jirani anataka banda lake ajenge vyumba vya kupangisha, na daktari wa macho amemwambia dada kwamba mwaka huu ukiisha asishike usukani tena. Ilikuwa lazima gari lipate mtu. Bila mtu ni kwenda kwa wauza vyuma chakavu, likatwe vipande.

Mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani alituona tunatia mafuta. Mzee mmoja wa kofia ya ukili na soksi zilizopanda mpaka magotini. Akalizunguka gari, akapiga mluzi, akasema lazima tulilete uwanjani. Dada akakubali hapo hapo. Njiani akanifumbulia.

"Nitauacha mlango wa nyuma wazi kutwa nzima. Atakayeufunga vizuri, ndiye huyo huyo nampa gari."

"Na wasipoufunga vizuri?"

"Mdogo wangu, mahali pamejaa watu wanaopenda magari. Atakosekana mmoja?"

Basi twende uwanjani uwaone hao wanaopenda magari. Majani yamefyekwa, magari yamepangwa safu safu, boneti zote juu, nikeli inakuchoma macho. Kila gari lina kibao chake. Usiguse. Usiegemee. Ukitaka kufungua, uliza. Mwenye zipu au mkanda wa chuma akae mbali na rangi. Kipaza sauti kilitusomea masharti hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma sheria ya nchi. Mwanamume mmoja alikuwa na brashi ya manyoya, anapangusa vumbi ambalo mimi silioni, na mama mmoja alipopita na mtoto, akamwambia, "Mama, mtoto asipumulie kioo, tafadhali." Asipumulie. Mtoto wa watu abane pumzi mpaka wapite.

Nikajisemea, kumbe ni watu wa adabu. Nikakunjua viti, nikamimina chai, nikakaa kifalme. Sikujua adabu yenyewe inaishia kwenye magari yao.

Kwetu walikuja kama wanaingia chooni. Hakuna hodi, hakuna shikamoo, na dada yangu ana mvi kichwa kizima. Kijana mmoja akaweka chupa ya soda juu ya paa, ikaacha duara la maji. Mwingine akaegemea na huo mkanda wake wa chuma ambao kipaza sauti kilishaukataza. Halafu likaanza lile la kulala. Mtu anapanda nyuma na viatu, analala chali pale pale walipolala wapendwa wa watu, anakunja mikono kifuani na kutoa ulimi, mwenzake anampiga picha. Wanacheka mpaka machozi. Wakishuka, mlango, bam.

"Funga taratibu, mwanangu," dada anasema.

"Poa, bibi." Bam nyingine, ya kujaribu kama bibi amekasirika.

Dada anainuka na magoti yake mabovu, anaufungua tena, anarudi kukaa. Niliuma meno. Akaja mjuaji mmoja ameshika kiuno, akatufundisha kwamba taa za mbele si zake, za asili zilikuwa na ukingo mwembamba. Nikamwuliza wewe nani amekuita. Akanijibu kwamba anatusaidia tu. Yeye naye, kabla hajaondoka, akaupa mlango teke la kisigino, huku ameshika kitabu chake cha magari kwapani. Huyu ni yule yule wa mtoto asipumulie kioo. Nilimtambua kwa brashi, alikuwa ameichomeka mfuko wa nyuma.

Akaja mwanamke amevaa vizuri, mtu na heshima zake, nikasema afadhali. Akamwuliza dada, "Hivi harufu ilitoka kweli?" Akaingiza kichwa, akanusa. Nusura nimrukie. Dada ndiye aliyenishika gauni.

Na mbele yetu, upande wa pili wa njia, palikuwa na mwanamume na kigari cha zamani cha kusambazia mkate, kidogo, cha rangi ya maziwa. Huyu alinichefua kwa namna yake. Asubuhi tulipoegesha nilimsalimia kwa mkono, majirani wa siku moja. Alitutazama, akalitazama gari, halafu akainua kiti chake, akakigeuza, akakaa ametupa mgongo. Kutwa nzima mgongo. Wale wengine walikuwa wapumbavu, lakini huyu nilimwona ana roho mbaya kabisa, yeye ambaye hata kinyaa chake kwetu hakutaka kukificha. Kila mlango wetu ukibamizwa, mabega yake yanapanda. Nikasema, anakereka na kelele zetu, bwana mkubwa wa mikate.

Jua liliposhuka mwenyekiti akaja na soksi zake. Akasema gari analitaka yeye, na bei akaitaja, nzuri tu. Dada akamwuliza atalifanyia nini.

"Mama, hili ni dhahabu. Hapa nyuma naweka friji ya vinywaji, taa za bluu, muziki. Vijana wakioa wanalikodi kuaga ukapera. Unaelewa kichekesho chake? Ujana wao unakufa."

Akacheka peke yake. Kisha ili kuonyesha biashara imekwisha akaushika mlango na kuuachia, ukabamiza mpaka chai ikamwagika. Hakuona. Alishageuka, kipaza sauti kilikuwa kinamwita akagawe zawadi. Na unajua zawadi ya kwanza aliyoitangaza ilikuwa ya nani? Yetu. Gari la Kuchekesha Kuliko Yote. Watu wakapiga makofi wakigeuka kututafuta.

Dada hakwenda. Alikuwa anakunja kile kitambaa chake cha Jumapili, anakunja, anakunjua, anakunja tena. Nilijua amekata tamaa, maana macho yake yalikuwa makavu, na dada yangu kwa kawaida hulia upesi kama anavyocheka.

"Tufungashe," akasema. "Kesho nampigia mtu wa vyuma. Bora likatwe."

Damu ilinichemka. Nikanyanyua kiti, nikakitupa nyuma. Nikatupa cha pili, nikatupa chupa ya chai, huku nawatukana kimoyomoyo, mmoja mmoja, mwenyekiti na soksi zake, mwenye brashi na brashi yake, mwanamke na pua yake. Na nilipomaliza nikaushika mlango nikaubamiza kwa nguvu zangu zote za kusonga ugali wa shule nzima. Siku ile hakuna aliyeubamiza kunishinda. Safu nzima iligeuka.

Dada akanitazama. Akarudi kukunja kitambaa chake.

Upande wa pili mtu wa mkate alikuwa amesimama na kiti chake kimeanguka. Akavuka njia anakuja kwetu, na mimi nikajiandaa, nikasema leo atanitambua. Lakini alinipita kama sipo. Alisimama mbele ya dada, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuchapwa.

"Shikamoo mama," akasema. Ya kwanza siku nzima.

"Marahaba, kaka. Tusamehe kwa kelele. Ni mdogo wangu, ana hasira."

"Huo mlango haukuwa hivyo."

Dada akaacha kukunja kitambaa.

"Ulimchukua mke wangu," akasema. "Hunikumbuki, najua."

"Watu ni wengi, kaka. Nisamehe."

"Nilisimama pale nyuma ya gari nimefumba macho, nimeziba masikio. Watoto wamenishika suruali, huyu huku na huyu huku. Nilijua mlango ukilia tu nitaanguka, na nikianguka hakuna wa kuwashika. Nikaungoja. Nikaungoja. Nikahisi mtu ananigusa bega, kufumbua macho ni wewe, na mlango umeshafungwa zamani." Akaonyesha kiti chake kilichoanguka. "Asubuhi nilipowaona nilitaka kuondoka, lango likawa limeshafungwa. Nikageuza kiti nisione. Kuona sikuona. Lakini nimesikia kutwa nzima."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Kinyaa chote nilichokuwa nimewagawia watu tangu asubuhi kilirudi kikanikaa mimi, maana ule mbamizo wa mwisho, ule mkubwa, ulikuwa wa mkono wangu.

Dada akageuka, akaufungua mlango, akarudi nyuma hatua chache. Yule mtu aliutazama, kisha akaushika kwa mikono miwili. Akausindikiza polepole mpaka mwisho, akasukuma, kitasa kikakataa.

"Nyonga," dada akasema. "Egemea kwa nyonga."

Akaegemea. Kitasa kikakamata, kwa sauti ya mtu anayeweka kikombe mezani.

Dada akatoa funguo mfukoni, akampa. Hakumpa mezani, alimpa mkononi, na yule akazipokea kwa mikono yote miwili. Akauliza, "Nitalifanyia nini, mama? Mimi nauza mkate."

"Hutalifanyia kitu. Una banda?"

"Ninalo. Nafasi ipo."

"Basi. Utalitunza tu."

Mwenyekiti alikuja mbio na kikombe chetu cha kuchekesha, na karatasi ya mauziano kwapani. Dada akamwambia gari limeshapata mwenyewe. Alinuna kama mtoto. Kikombe alitaka kutuachia hata hivyo, nikamwambia aweke vinywaji vyake humo.

Magari yalitoka uwanjani yanapiga honi kwa zamu, ndivyo wanavyoagana. Letu halina honi. Dada aliziazima funguo, akaliendesha mwenyewe kwa mara ya mwisho, mwendo wake ule ule, na kigari cha mkate kikatufuata nyuma kimewasha taa. Njia nzima sikufungua mdomo. Anayenijua atakuambia jambo hilo ni kubwa kiasi gani.

Bandani kwa mtu wa mkate kulikuwa safi, kulinukia unga, na watoto wake wawili, wakubwa sasa, walitoka kusalimia na kurudi ndani. Dada akaliingiza gari kinyumenyume mpaka mahali pake, akazima. Nikazunguka nyuma kushusha viti vyetu na chupa ya chai. Nikaviweka chini. Kisha nikaushika mlango kwa mikono miwili, nikausindikiza, nikauegemea kwa nyonga. Wao walikuwa wamesimama mbele wamenipa mgongo, wanazungumza habari za matairi, na hakuna aliyegeuka.