Pilipili za Kondo Zisizowasha

Mwamvita binti Pazi hakulia mumewe alipokufa, na kijiji kizima cha Soga kililiona hilo. Alikuwa ameolewa kutoka Kisarawe, kwa hiyo wapo waliosema ndivyo walivyo watu wa huko. Uongo mtupu. Alikuwa amekufa ganzi tu. Wanawake waliangua vilio, yeye akawa anatazama miguu yao.

Kondo, mumewe, alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, akimsaidia Mzungu mmoja aliyeotesha mboga bila udongo: mche unasimama kwenye kokoto, unanyweshwa maji yenye dawa. Kondo akaiga nyumbani. Alijaza kokoto kwenye karai lililotoboka, akanywesha maji ya samadi aliyoyachuja kwa kitambaa. Majirani walipomcheka aliwajibu, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Mkewe alipenda mno harufu ya pilipili mbuzi, lakini tumbo lake halikuikubali. Basi Kondo alichukua vumbi la ua la pilipili mbuzi kwa unyoya wa kuku, akalipaka ua la hoho. Mzao wa kwanza uliwasha vibaya. Katika mzao wa pili, mche mmoja ulizaa pilipili zenye harufu ileile, na zisizowasha hata kidogo. Mwamvita alizila kwa wali huku anacheka peke yake. Kondo akabakiza chache za mbegu, akazitundika jikoni zikauke.

Homa ikamchukua kabla ya mvua. Mwamvita akaingia eda, akawa hatoki ndani, na mche usio na udongo haumsubiri mtu. Siku chache bila maji, ukawa kuni. Zikabaki zile za jikoni.

Mama mkwe wake, Bi Swaumu, hakuwa mtu mbaya. Aliona mke wa mwanawe halii, hali, hajibu, akasema, "Huyu katupiwa kijicho." Akaenda jikoni, akarudi na chumvi na zile pilipili za Kondo zote kiganjani. Mwamvita aliziona. Alijua ni zipi. Maneno ya kumzuia yalikuwepo, ila yalikuwa mbali, na kuyafuata ilikuwa kazi. Bi Swaumu akamzungushia kichwani mara saba, akazitupa kwenye makaa.

Kila mtu anajua, pilipili ikiungua watu hukohoa wakakimbilia nje. Wasipokohoa, basi kijicho kipo. Wanawake wote waliokuwa chumbani wakangoja. Ikapanda harufu tamu tu, ikajaa chumba kizima.

"Mmeona?" akasema Bi Swaumu. "Hakuna aliyekohoa! Kijicho hicho, tena kikubwa."

Hapo Mwamvita akalia. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi, akichokora majivu ya moto kwa vidole, akitafuta hata mbegu moja. Bi Swaumu akamvuta, akamkumbatia, naye akalia kwa furaha.

"Lia, mwanangu, lia," akamwambia. "Kinatoka hicho."