Tulivyomuenzi Madamu Bertilla Akiwa Mzima

Huyu Valerian, mwenyekiti wa chama chetu cha walimu wa Kiingereza, ataniua kwa presha. Nilimwomba kitu kidogo: aandike tangazo lisomwe kanisani kijijini kwake Mwazye, watu wamsihi Madamu Bertilla aje Sumbawanga mjini Jumamosi kupokea tuzo yetu. Bibi yule alishakataa. "Tuzo nitaila?" aliniuliza. Na asipokuja, kamati inampa mtu mwingine. Hilo mimi Salome siwezi kulimeza.

Maana ndiye aliyenifundisha Kiingereza, tukipepeta ulezi wa shule huku tunaimba vitenzi: bring, brought, brought. Ukikosea, unapepeta upya. Na ole wako ufungue mdomo kwa Kiingereza kabla hujaweza kulisema jambo hilo kwa Kiswahili kilichonyooka.

Sasa Valerian, kwa kupenda maneno makubwa, akaandika: "Chama kitamuenzi Mwalimu Bertilla." Kumuenzi! Jamani, huku kwetu si marehemu ndiye anayeenziwa? Walimu wazima wa Kiingereza, Kiswahili kinatupiga chenga!

Jumapili hiyo tangazo linasomwa, Madamu yuko Kasense kwa binti yake, simu imezima. Watu wakajua basi, mwili uko njiani. Jioni namrudisha kwake, njia nzima nambembeleza apokee tuzo, yeye anakataa tu. Tunafika, tunakuta turubai uani, akina mama wamejifunga kanga, vilio juu. Kumwona anashuka kwenye gari, wengine walikimbia.

Nilimpigia Valerian hapo hapo nikamfokea mpaka sauti ikakauka. Eti anauliza, "Kwani kuenzi si kuheshimu?" Nikamkatia.

Madamu aliomba asomewe tangazo. Hakucheka. Akaketi mkekani katikati ya waombolezaji.

"Nani alikuwa analia kwa nguvu vile?"

Rozina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akainua mkono. "Mimi, Madamu. Shikamoo."

"Marahaba. Tangu nistaafu, Rozina, hujawahi kuingia uani kwangu."

Rozina akainama. Wengine nao wakatazama chini. Nikaona mambo yameharibika kabisa, nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya chama.

"Nyamaza, Salome," akanikata. "Tuzo nimekubali. Lakini mjini siji. Ileteni hapa kesho, na turubai lisiondolewe. Hawa wakishatawanyika, nitawaona tena lini? Mpaka nife kweli?"