Mutuka ya Viti Mbili

Juzi hapa Kolwezi nilikuwa kwa muzungu muuza mutuka, natafuta mpira wa baiskeli. Akaingia tata mmoja, baba mweusi mufanyabiashara wa Mutshatsha, na kofia na tai, anataka kununua ile mutuka nyekundu ya mbio.

"Tuijaribu kwanza," muzungu akasema. "Wee panda nyuma."

Tunajua wote: katika koloni hii, mweusi hakai kando ya muzungu.

Tata akaizunguka mutuka mara mbili. "Nyuma ni wapi, Bwana? Iko na viti mbili tu, vya mbele."

Muzungu akafikiri, akafungua sanduku la mizigo nyuma ya mutuka, akapangusa vumbi kwa leso yake nyeupe.

Nikashika mdomo.

Tata akavua kofia, akailaza mule polepole, akafunga. "Kofia itapanda nyuma. Mi nitapanda mbele."

Sanduku halikunishtua sana. Kilichonishtua ni ile leso: muzungu aliona kabisa anamuheshimu tata.