Aksanti ya Muzee Olav

Mwanangu, bado nakumbuka mchana ule nilipomwalika Muzee Olav nyumbani kwetu Mudzipela. Alikuwa mtu wa Norwe, fundi wa mabomba ya maji, nami nilikuwa shofere wake, nikimwendeshea gari. Risasi za vita zilikuwa zimenyamaza, ila mlango ukibamizwa tu, wote tulishtuka.

Ulaji wake mwanzoni niliuona wa kimaskini, baadaye nikaupenda. Kila saa sita alitoa vipande viwili vya mkate mweusi vyenye jibini ya kahawia, tamu kidogo, ya maziwa ya mbuzi. Katikati aliweka karatasi visishikane. Kimoja alikula, kimoja alinipa. Patroni mwenye kazi na shofere wake, chakula kilekile.

Jana yake nilikuwa nimemwagiza mke wangu, Furaha, apike kuku. Mgeni alipoketi, akaleta viazi vya kizungu vya kuchemsha, na maganda yake, pamoja na makayabu, wale samaki wa chumvi. Nikamwambia mbele ya mgeni kwamba amenitia aibu. Akarudi jikoni.

Muzee Olav alimenya kiazi taratibu, kingali moto. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mvuvi kwenye baridi ya kaskazini, nao nyumbani walikula vivyo hivyo, samaki na viazi, basi. Akala vitano. Kisha akainuka, akaenda jikoni nami nikimfuata, akasimama mbele ya mke wangu.

“Mama, aksanti kwa chakula,” akasema. “Kwetu mutu hatoke ku meza bila kusema ile. Hata mutoto.”

Furaha akafunika uso kwa kitenge. Ndipo akatueleza kwamba kuku alimkosa sokoni jioni ya jana, akatoka alfajiri kwenda shamba la mama yake, kwenye barabara ya Djugu ambayo wengi wetu tulikuwa bado tunaiogopa, akachimba vile viazi mwenyewe.

“Miaka sita niko nakupikia,” akaniambia, “na ile neno nimeisikia leo, tena kwa mugeni.”

Muzee Olav hakunikemea, alianza tu kuosha sahani. Nikachukua kitambaa, nikazipangusa.

Mwanangu, kabla ya kulaumu chakula, uliza kimetoka wapi na nani amekifuata. Ukishiba, inuka uende alipo aliyepika, umwambie aksanti, hata kama chumvi imepungua. Mimi nilimwambia Furaha kila siku tangu hapo hadi nilipomzika, na bado naona nilichelewa kuanza. Mungu akupe wa kukupikia, akupe na mdomo wa kumshukuru angali anakusikia.