Mwaka Tuliojifunza Tango

Mtoto wetu wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Tulimzika Tongoni, kwao mume wangu, kisha tukarudi Tanga mjini kwenye chumba chetu cha kupanga pale Usagara, na tangu siku hiyo hatukumtaja tena. Si kwamba tuligombana. Mume wangu alikuwa mtu mpole, fundi katika karakana ya reli, nami nilikuwa binti wa Kibondei niliyefundwa kungoja mume aanze kusema. Naye hakuanza. Tukawa tunaishi kama wapangaji wawili. "Chai tayari." "Ahsante." "Nakwenda kazini." "Haya."

Baada ya miezi kama mitatu akaanza kupotea siku za Jumamosi. Kazi ilikuwa ikiisha adhuhuri, lakini yeye hurudi magharibi inakaribia, shati limelowa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kidigo tuliyechangia naye ua, alinitazama nikilifua shati hilo akasema, "Mwenzangu, shati halitoki jasho lenyewe."

Jumamosi iliyofuata nikavaa buibui langu nikamfuata. Alikwenda mpaka Ngamiani, akaingia nyumba moja ndefu ya bati ilimokuwa ikisikika santuri. Nilisimama dirishani, nimejiandaa kumwona huyo mwanamke niliyemdhania. Nikaona wanaume. Wanaume watupu, kama kumi na wawili, wameshikana wawili wawili wakizunguka chumba. Mume wangu alikuwa mikononi mwa dobi mmoja mnene, ameinamisha macho, akihesabu hatua kwa midomo.

Nilicheka. Sikukusudia. Sikuwa nimecheka tangu msiba, na kicheko kilinitoka kwa nguvu hata wakasimama wote.

Mume wangu alitoka nje. "Umenifuata?"

"Nimekufuata."

Nilidhani ataghadhibika. Badala yake aliitazama mikono yake. "Nyumbani sijui niiweke wapi hii mikono," akasema. "Hapa naambiwa."

Nilirudi nyumbani peke yangu, na maneno yale nikalala nayo na kuamka nayo. Mwisho wa juma mimi ndiye niliyeanza kusema, mara ya kwanza katika ndoa yangu. Nilimwambia nitakwenda naye, kwa sharti nicheze na yeye tu. Nikajishonea gauni refu la mikono mirefu, nikajitanda mtandio kichwani, na buibui nikalikunja nikaliweka juu ya kiti karibu na mlango.

Mwalimu wa pale alikuwa fundi cherehani aliyejifunzia dansi ya tango ugenini, siku alizokuwa askari vitani. Alituweka katikati ya chumba akatupigia hesabu kwa makofi: taratibu, taratibu, upesi-upesi, taratibu. Nilikuwa mbovu kabisa. Kabla mume wangu hajanyanyua mguu, mimi nimeshakwenda.

"Bibie, unamtangulia," mwalimu akasema. "Umejuaje anakokwenda?"

"Nabahatisha."

"Usibahatishe. Ngoja akwambie." Kisha akamgeukia mume wangu. "Nawe bwana, unamwambia nini? Umesimama kama nguzo ya simu. Atakusikiaje nawe husemi?"

Wale wanaume wengine wakacheka. Sisi hatukucheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiona: jinsi ninavyombahatisha nyumbani, chai kabla hajaiomba, kimya kabla hajakitaka, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza.

Tukaendelea kwenda. Tango ina mahali ambapo wachezaji husimama kidogo, kisha mwanamume huanza tena. Jumamosi moja tukafika hapo tukasimama, naye hakuanza. Zamani ningekwisha kwenda. Safari hii nikangoja. Nikangoja mpaka nikahisi kifua chake kinatetemeka, nikajua analia. Nikamshika barabara. Santuri iliendelea, wenzetu wakatuzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe, na mwalimu akatugeuzia mgongo, akaanza kumsahihisha dobi kosa ambalo sidhani alikuwa amelifanya.

Tulipotoka, mume wangu akasema, "Alikuwa na vidole virefu, mtoto wetu."

"Kama vyako," nikasema.

Basi tukawa na la kuzungumza. Tulitembea polepole, tukazungumza mpaka adhana ya magharibi ikatukuta njiani.

Alasiri ya Idd tulicheza mbele ya watu, kwenye mashindano. Hatukupata kitu. Mume wangu alikanyaga upindo wa gauni langu likachanika, nami nikamalizia wimbo nimelishika kwa mkono mmoja, tunacheka wote wawili.

Habari zikafika Tongoni. Mama mkwe akaja na basi la asubuhi, kikapu cha muhogo mkononi, uso umekunjamana. Mume wangu alikuwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia mkamwana wangu anacheza na wanaume."

Mwaka mmoja nyuma ningeinama nikalia. Sasa nikamtazama usoni. "Mama, nacheza na mwanao. Tangu tumzike mtoto hatukuweza kusemezana. Kule ndiko tulikojifunza."

Alikaa juu ya mkeka. Akautengeneza ukingo wa kanga yake. "Anakushika?" akauliza.

"Ananishika."

"Marehemu baba yake hakujua kushika." Akakisogeza kikapu pembeni. "Basi mshikane."

Nilimletea maji akanywa. Akaugeuza uso wake dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Kaburi nalifagia kila Ijumaa. Nimepanda na mrehani kichwani pake. Hamkuniuliza hata siku moja, nikadhani hamtaki kusikia."

Nikashuka kwenye mkeka, nikaketi karibu naye. Nikamuuliza. Akanieleza yote: kivuli kinavyoingia pale asubuhi, mbuzi wa jirani aliyeula mrehani wa kwanza, na dua anayoisoma. Mume wangu aliporudi alitukuta tumeshikana mikono, muhogo bado umo kikapuni.

Jumamosi ile hatukwenda Ngamiani. Tulipanda basi sote watatu, tukaenda Tongoni.