Rupia Iliyosuguliwa kwa Majivu

Wiki iliyopita nilikuwa dukani hapa Sumbawanga nikinunua miwani, maana ile ya zamani niliikalia mwenyewe. Kwenye meza ya pembeni alikaa mnunuzi wa sarafu za kale, na mbele yake mama mmoja wa kijiji cha Pito aliyetaka kuuza rupia ya enzi za Mjerumani apate mbolea ya mahindi.

Rupia iling'aa. Mnunuzi akaitazama kwa lenzi, mabega yakamshuka.

"Mama, umeisugua?"

"Kwa majivu, mwanangu. Ningekuleteaje mgeni kitu kichafu?"

Akamweleza taratibu kwamba wataalamu huzipa sarafu daraja, kuanzia moja hadi sabini, na iliyosuguliwa haipewi namba kabisa. Ule weusi wa miaka mingi ndio wanaoutaka.

Mama akaguna. "Basi mbolea imekwenda na majivu." Akaifunga rupia kwenye pindo la kitenge. "Nyumbani ipo nyingine. Hiyo nilimwachia mzee wangu aisugue, tangu juzi."

"Ameshaisugua?" Mnunuzi alikuwa amesimama.

"Sidhani. Huyo hata sufuria hajawahi."

Mama akampigia simu. Sauti nzito ikaomba radhi, ikaahidi kuanza sasa hivi.

"Usiiguse," mama akasema, kwa upole ambao nadhani mzee hajausikia siku nyingi. "Wewe rudi ukalale."

Nimetembea nchi kadhaa, na kote uvivu wangu umesemwa vibaya. Nikampigia mke wangu kumsimulia. Akasema sufuria zetu hazina daraja, nirudi nikazisugue.