Sabuni ya Sabine na Tududu Waliokataa Sukari

Sabine wa Uvira alijulikana Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwa mambo mawili: sabuni yake ya maji, na ukali wake wa usafi. Tangu kipindupindu kimchukue mumewe, Sylvain, kwa siku mbili tu, hakuna tone lililoingia nyumbani kwake bila klorini. Ukimtembelea, hata salamu zako alitamani kuzitia dawa.

Mwaka huo samaki wakaelea wamekufa kijitoni, chini ya kambi. Wanakijiji wakasema ni sabuni ya wakimbizi. Kamati ya maji ikampa Sabine wiki tano: alete karatasi inayoonyesha kuwa sabuni yake inaoza majini, la sivyo banda lake lifungwe. Banda hilo ndilo lililolisha watoto wanne. Kazi nyingine aliyokuwa nayo ni kulia, na hiyo haijawahi kuivisha maharage.

Siku ya tano akaenda Lilongwe, mtaa wa Biwi, kwa Ezechiel, Mrundi aliyekuwa akipima maji katika maabara ndogo ya mtu binafsi.

"Mama, iko rahisi," Ezechiel akamwambia. "Ndani ya maji ya kijito muko tududu, jicho haiwezi kutuona. Tunafunga maji kwa chupa, tunatia sabuni yako kidogo, iyo njo chakula yao moja tu. Kama banakula, banapumua, na hewa ya ndani ya maji inapunguka. Siku makumi mbili na munane tunapima. Hewa ikishuka sana, sabuni inaoza."

"Na bakikataa kula?"

"Basi we ulipika sumu, mama, si sabuni." Akacheka peke yake. "Chupa ingine tutatia sukari. Sukari kila kadudu inakula, njo itakuwa shahidi yetu. Kesho uniletee maji ya kijito."

Asubuhi Sabine akachota kidumu kizima. Akayatazama maji: rangi ya chai iliyolala, jani bovu linazunguka juu. Aibu ikampanda. Mtu wa maabara, msomi, apelekewe uchafu huu? Si watasema Wakongomani hawajui usafi! Akayachuja kwa kitenge, akatia klorini vifuniko viwili, akatikisa. Akaongeza cha tatu, kwa heshima.

Siku ya ishirini na nane tangu ayapeleke, akarudi Biwi. Ezechiel hakumwangalia usoni.

"Hewa haikushuka hata kidogo, mama. Sabuni haikuliwa."

Sabine akageukia mlango, Ezechiel akamwita.

"Ngoja. Hata sukari haikuliwa. Kadudu gani inakataa sukari? Yale maji ulitoa wapi?"

"Kijitoni! Tena nilikutengenezea bien, muzuri kabisa. Nikachuja, nikatia klorini vifuniko tatu."

Ezechiel akaanza kucheka, kisha akashika kichwa. "Tatu! Uliua tududu yote. Mwezi muzima tulikuwa tunapima makaburi."

"Basi pima tena, papa Ezechiel. Nakuomba."

"Napima. Siku makumi mbili na munane."

Kikao cha kamati kilikuwa kesho yake. Ezechiel aliandika ukweli mtupu: kipimo kimeharibika, hakisemi kama sabuni inaoza wala kama haiozi. Mwenyekiti, mzee Hatungimana, aliisoma karatasi mara mbili, kidole kikitambaa chini ya kila neno.

"Mama Sabine, hapa baliandika kama inaoza?"

"Hapana, muzee, lakini maji njo yalikuwa..."

"Zikomo," mwenyekiti akamshukuru kwa Kichewa. "Ikala chini."

Kufuli likawekwa mchana uleule. Kisha Hatungimana akaagiza mapipa matatu ya sabuni yaliyotolewa bandani yamwagwe kabla jua halijazama.

"Nimwage wapi, muzee?"

Mwenyekiti akawageukia wajumbe. Mfereji wa kambi ni mmoja, na unashukia kijitoni. Wajumbe wote wanne walijua. Wakatazama viatu vyao kama waliovinunua asubuhi ile.

"Kwa mufereji," mmoja akanong'ona mwishowe.

Sabine akaliinamisha pipa la kwanza mwenyewe. Povu likateremka jeupe, taratibu, na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwemo, kama linakwenda kuua au kuliwa.